Ampli ya televizyo: wanatuuzishia kelele

Tuiseme waziwazi: ampli mingi zenye zinauzishwa hapa Kasumbalesa hazisaidie picha ya televizyo hata kidogo. Mutu analalamika kama picha inakatika-katika, mwingine anamwambia sinyale iko kidogo, nunua ampli. Ananunua. Kisha juma moja picha iko vilevile, na feza haiko tena.

Wenye wanaumia zaidi ni familia zenye zilikimbia vita. Tangu Goma ilianguka katika mikono ya M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, kila mutu mwenye iko na ndugu kule Kivu anatafuta habari kila mangaribi. Mutu mwenye hajue kama mama yake iko muzima hawezi kubishana bei. Wauzishaji wanajua hivyo.

Lakini mimi sina kesi sana na muuzishaji wa soko. Kesi yangu ni mwenye kable. Tunajua namna inafanyika: mutu mumoja anaweka parabole na dekodere kwake, anavuta kable juu ya mapaa, nyumba kwa nyumba, na kila mwezi anapita kukusanya feza. Kila mara anagawanya kable mara mbili, kila upande unapata nusu ya nguvu, hata chini ya nusu. Akigawanya mara ine, kila nyumba inapata robo. Ongeza urefu wa kable, ongeza mafasi yenye aliunganisha na plastike na maji ya mvua yanaingia ndani. Nyumba ya mwisho inapata mabaki. Mama wa nyumba ile analipa sawa na wa kwanza, na siku anasema picha ni mubaya, anajibiwa: "Mama, nunua ampli." Juu ya nini anunue yeye? Kable yenye kuoza ni ya nani?

Na hata akinunua, ampli itawekwa wapi? Karibu na televizyo, mwisho wa kable, fasi sinyale imekwisha kuharibika. Sisi wa radio tunajua mambo haya kila siku: mikro ikiwa mubaya, ukiongeza sauti, unaongeza kelele. Ampli haichague. Inachukua yote yenye inafika, muzuri na mubaya, inayakuza pamoja, na inaongeza kelele yake yenyewe juu. Ndiyo maana ampli inawekwa mwanzoni, karibu na antene, mbele sinyale haijachoka.

Kuko pia wenye wanavua sinyale na antene ya kawaida. Hapa uongo ni mukubwa zaidi. Wanaambiwa kama ampli italeta televizyo za Lubumbashi. Lubumbashi iko karibu kilometre 90. Munara wa metre 100 na antene ya metre 10 ku nyumba vinaweza kuonana mupaka kilometre 54 hivi, kisha mugongo wa dunia unakata njia. Siku fulani hewa inaweza kusaidia, unaona kidogo, kesho hakuna. Ampli ya namna gani itakuza kitu chenye hakifike?

Mwingine iko na televizyo ya zamani, anataka stesheni za Zambia, juu Chililabombwe ni pale ng'ambo. Lakini mapatano ya Geneva ya 2006 yaliweka tarehe 17 mwezi wa sita 2015 kuwa mwisho wa kulinda analoji, na Zambia ilihamia dijitali, na dekodere za TopStar ya ZNBC na StarTimes. Televizyo ya zamani haijue kusoma dijitali. Inaomba dekodere. Kumuuzishia mutu ule ampli ni kumuuzishia miwani mutu mwenye macho yamefungwa na kitambaa.

Na mwenye parabole? Kile kichwa chenye kiko mbele ya sahani kiko na ampli ndani tayari. Picha ikipotea, angalia kwanza kama upepo ulisukuma sahani, kama kichwa kimeingia maji, kama abonema haijakwisha. (Ya mwisho ile, muamini musiamini, iko mara mingi.)

Watanijibu: "Kwangu ilisaidia." Ndiyo, inawezekana. Antene ikiwa muzuri, sinyale ikiwa safi, na kable ikiwa ndefu ao imegawanywa, ampli karibu na antene inalipa nguvu yenye kable inakula. Hiyo ni kazi yake, na sikatae. Lakini hapa mupakani minara ya simu iko pande zote mbili, na ampli ya bei rahisi ikipokea nguvu nyingi kupita kiasi inachafuka. Mara ingine inaanza yenyewe kutupa kelele hewani, na jirani mwenye hajanunua kitu anapoteza picha yake.

Sasa tunaomba mambo haya. Mwenye kable alete televizyo ndogo ku nyumba ya mwisho, picha ionekane, ndipo apokee feza ya mwezi. Kable yenye kuoza abadilishe yeye, na ampli ikihitajika alipe yeye, aweke mwanzoni. Muuzishaji wa soko akubali ijaribiwe mbele ya kulipwa, na irudishwe ikiwa haisaidie. Mashefu wa kartiye waite wenye kable, juu mama mwenye hana hata karatasi ya kuonyesha alilipa hawezi kwenda kulalamika ku ofisi yoyote.

Na ninyi wenye munatafuta habari za kwenu: Radio Okapi inasema Kiswahili tangu 2002, na radio ndogo ya mabatri haiombe kable. Mbele ya kununua ampli, nunueni mabatri.