Chumba cha kijana akipange mwenyewe



Shule zikifungwa, magari ya kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba, Kamachumu na Rubya hujaa wanafunzi na matranka yao. Kesho yake asubuhi, katika nyumba nyingi, kazi hugawanywa hivi: binti anadeki, anaosha vyombo, kisha anaingia chumbani kwa kaka yake kufagia na kumtandikia kitanda. Aliyerudi akiwa mseminari, ndiyo kabisa: "Mwacheni frateri apumzike."

Maoni yetu ni kwamba desturi hii ikome. Kijana aliyefika umri wa sekondari apange chumba chake kwa mikono yake.

Tunajua vyumba vyenyewe vilivyo. Geto la kijana wa Muleba mara nyingi ndiyo stoo ya nyumba. Humo mna magunia ya kahawa yanayosubiri kupelekwa chama cha msingi, majembe, baiskeli, na msimu ukifika, ndoo za senene. Kabati hakuna, nguo zinaning'inia kwenye misumari. Picha za vyumba vya kifahari tunazoziona kwenye simu hazitusaidii. Kinachohitajika ni kidogo: magunia yainuliwe juu ya mbao upande mmoja, nguo safi zikae ndani ya tranka, chafu kwenye ndoo yake, madaftari yapate boksi, dirisha lifunguliwe kila asubuhi. Mwambao wa Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Nguo ikikunjwa na unyevu, baada ya siku chache inanuka ukungu.

Halafu kuna chandarua. Utafiti uliofanyika Muleba na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO viliwakinga watoto na malaria kuliko vile vya dawa ya kawaida. Lakini hakuna chandarua kinachomkinga mtu kikiwa kimefungwa fundo juu ya kitanda usiku kucha. Kukishusha na kukichomeka chini ya godoro ni sehemu ya kupanga chumba.

Katika falsafa tunajifunza kwa Aristotle kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda, kama vile fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Mama anayemfagilia kijana wa miaka 16 anapata chumba safi, lakini kijana anakosa zoezi. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, alitaka vyombo vya kazi vya monasteri vitunzwe kama vyombo vya altare. Hata fagio, basi, lina heshima yake.

Wapo wazazi watakaosema: "Tukimwachia mwenyewe, patakuwa jalala." Kwa wiki mbili za kwanza huenda ikawa hivyo. Mzazi aweke masharti machache yanayoeleweka: sahani zisilale chumbani, na kila Jumamosi kabla ya saa sita mchana pawe pamefagiliwa. Akitaka kukagua, abishe hodi. Asitupe kitu bila kumuuliza mwenyewe, maana kijana anayeheshimiwa mlangoni kwake hujifunza kuheshimu milango ya wengine.

Wapo pia wazee wanaosema mwanamume hafagii. Lakini kule bwenini wanaume hao hao wanafagia, wanadeki na kutandika vitanda vya dabo deka kabla ya Misa. Kwa nini mkono uliofagia Ijumaa shuleni usifagie Jumamosi nyumbani? Na saa anayoitumia binti kupanga geto la kaka yake ni saa inayotoka kwenye masomo yake. Naye ana mtihani.

Kwa sisi waseminari jambo hili ni zito zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani. Aliyezoea kuhudumiwa katika Kanisa hilo dogo atakwenda parokiani akisubiri kuhudumiwa, wakati Bwana tunayetaka kumfuata alijifunga kitambaa akawaosha wanafunzi wake miguu.

Kwa hiyo tunapendekeza likizo ijayo sisi mafrateri tuanze. Tukifika nyumbani, tuombe fagio kabla hatujaletewa chai, na wadogo zetu wa kiume watuone tukifagia.