Mambo Leo na Msomaji wa Matema: Kiswahili cha Gazeti kati ya Vita Viwili Vikuu

Historia ya Kiswahili Sanifu imezoeleka kuanzia mezani: mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioteua Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930. Maelezo hayo yanaonyesha ni nani waliopitisha uamuzi. Hayaonyeshi Kiswahili hicho kilimfikiaje mtu ambaye hakuzaliwa nacho. Sehemu kubwa ya jibu imo katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwezi Januari 1923, yaani miaka saba kabla ya Kamati.

Matema, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ni mfano mzuri. Wamisionari wa Berlin walifundisha huko kwa Kinyakyusa, ambacho wao walikiita Kikonde, C. Schumann alichapisha sarufi yake kwa Kijerumani mwaka 1899. Kati ya vita viwili, jarida la Carl Meinhof, Zeitschrift für Eingeborenen-Sprachen, liliendelea kuchambua lugha za Kiafrika kwa Kijerumani. Hiyo ni kazi yenye thamani, na hakuna mwanaisimu wa Kibantu anayeweza kuipuuza. Hata hivyo, katika kurasa zake mzungumzaji alikuwa kielelezo tu. Hakutarajiwa kuzisoma, sembuse kuzijibu.

Mambo Leo lilimtarajia. Lilichanganya habari za dunia na za serikali, mawaidha ya kilimo na afya, hadithi, mashairi na barua za wasomaji. Wala wasomaji hao hawakuzuka ghafla mwaka 1923: Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapishwa katika shule ya serikali ya Kijerumani huko Tanga, lilikwisha kuwazoeza walimu na makarani kusoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Waingereza walirithi hadhira hiyo, ingawa ni nadra urithi huo kutajwa.

Kwamba Mambo Leo lilikuwa chombo cha wakoloni hakuna haja ya kubisha. Lilitolewa na Idara ya Elimu, na mwaka 1937 Erica Fiah alianzisha Kwetu ili Waafrika wapate gazeti lao wenyewe. Lakini wahakiki wengi huishia hapo, kana kwamba chombo cha dola hakiwezi kutumiwa na msomaji kwa shabaha zake. Shaaban Robert alichapisha mashairi humo. Kwa mtu aliyelelewa katika Kinyakyusa, lugha yenye irabu saba, kuandika barua ya gazeti kulikuwa ni kujizoeza tahajia ya irabu tano pamoja na msamiati wa kodi, shule na kahawa. Huo nao ni usanifishaji, tena uliofanywa na wengi.

Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati, alitoka katika Idara ileile ya Elimu ya Tanganyika. Ni vigumu basi kuamini kwamba Kamati ilianza na ukurasa mtupu. Linalotakiwa ni kulinganisha barua za wasomaji za kabla ya mwaka 1930 na za baadaye, wilaya kwa wilaya, hasa zile ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza. Rungwe, ambayo wakati huo ilijumuisha Kyela na Matema, ingefaa kutangulia. Karatasi ya gazeti haikutengenezwa idumu karne nzima, na karne hiyo imekwisha kutimia.