Mwalimu wa kibali
Shule za mchepuo wa Kiingereza mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, hujivunia mwalimu kutoka Kenya au Uganda. Wazazi nao husifu lafudhi yake. Habari za kibali chake cha kazi hakuna anayeuliza. Kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, mwajiri ndiye anayekiomba: hutolewa kwa miezi 24, na kinaweza kuongezwa. Mshahara ukichelewa, mwenzake Mtanzania anaaga na kuhamia shule ya jirani. Mgeni akitaka kuhama, mwajiri mpya lazima aanze kuomba upya, na mwenye shule mjanja analijua hilo vizuri. Kwenye mshahara, sheria haikuwatofautisha: kima cha chini cha shule binafsi, kuanzia Januari 2023, kiliwekwa shilingi 207,000 kwa mwezi, kwa mgeni na mwenyeji.