Kisiwa Hakikuzaliwa Agosti

Kuna uongo mmoja ambao vijana wa Nairobi tumeumeza bila maji: eti kisiwa cha Mediterania kina mwezi wake, na mwezi huo ni Agosti. Kuta nyeupe, bahari ya samawati, mtu na kofia kubwa ametupa mgongo. Wengine wetu hulipwa kuandika huo uongo. Mteja anataka maneno 800 kuhusu Santorini, anataka neno "kiangazi" mara sita, na pesa inaingia siku akikumbuka. Hapa hakuna mteja, kwa hivyo wacha niseme: ukibahatika kwenda, nenda wakati wa baridi.

Kwanza, huo msimu ni wa nani? Ni wa shule za Ujerumani na Uingereza zikifungwa, na ofisi za Paris na Milan zikitoa likizo. Kisiwa hakikuulizwa. Santorini ina wakazi kama 15,000. Julai 2024, meli zilipotarajiwa kushusha watalii kama 11,000 kwa siku moja, kiongozi mmoja wa pale aliandika Facebook akiwaomba wenyeji wapunguze kutoka nje. Soma tena. Mwenye nyumba anaambiwa ajifungie chumbani ndio mgeni apige picha sebuleni. Mwaka huo huo maelfu waliandamana Palma, Mallorca, kwa sababu nyumba za kupanga zimegeuzwa za watalii na kodi haishikiki. Watu walikuwa wanataka pa kulala.

Hiyo hadithi si ngeni kwetu. Muulize mhudumu wa hoteli Diani nini hutokea masika yakianza na wageni wakirudi kwao. Wengi hupewa likizo ambayo hawakuiomba, na mshahara unabaki ofisini. Msimu ni kalenda ya mwenye pesa.

Pili, wewe umetoka Kenya. Jua unalo, bure. Visa ya Schengen ni euro 90, na ukinyimwa hazirudi. Bado kuna karatasi za benki, na barua ya mwajiri ambaye wengine wetu hatuna. Upite hayo yote, halafu ukapange foleni ya jua? Maze, si ungeenda tu Malindi.

Usichonacho nyumbani kiko kule baridi ikiingia. Novemba, Krete, watu wako shambani wanavuna zeituni. Februari, milozi ya Mallorca inachanua na mashamba yanageuka meupe. Catania, kule Sicily, tarehe 3 hadi 5 Februari mji mzima humwagika barabarani kwa ajili ya Mtakatifu Agatha, na hawamfanyii mtalii maonyesho: ni sikukuu yao. Tarehe 10, Malta humkumbuka Mtume Paulo, ambaye meli yake ilivunjika pale akakaa miezi mitatu. Kitabu cha Matendo kinasema wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Mgeni maarufu kuliko wote wa Malta hakuja kiangazi, na alipokewa kwa moto, si kwa menyu yenye bei ya watalii.

Sisemi baridi ni pepo. Chopin na George Sand walikaa Valldemossa, Mallorca, majira ya baridi ya 1838 kuingia 1839. Mvua ikanyesha, Chopin akakohoa, na Sand akaandika kitabu kilichojaa malalamiko. Lakini Chopin alikamilisha preludi zake huko huko. Santorini nayo, hoteli nyingi hufunga, na upepo ukichachamaa feri haziondoki. Kwa hivyo chagua kisiwa chenye mji unaoishi mwaka mzima: Palermo, Valletta, Heraklion, Palma. Mchana wa Malta mwezi wa Januari ni kama digrii 15. Aliyesimama steji Nairobi asubuhi ya Julai hawezi kutishwa na hiyo.

Mtasema picha hazitatoka poa. Sawa, zitatoka kijivu. Lakini ukila Januari kwenye mkahawa wenye meza tatu, kuna mhudumu anayebaki na kazi yake mpaka Aprili. Atakuwa na wakati wa kukuuliza umetoka wapi, na wewe utakuwa na wakati wa kumjibu. Agosti hampati hata dakika, nyote wawili.

Beba sweta. Beba koti la mvua. Agosti waachie wenyewe.