Usione Vyaelea: Asili ya Maprofesa wa Biolojia katika Vyuo Vikuu vya Kikristo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Profesa wa biolojia anayesimama mbele ya wanafunzi katika chuo kikuu cha Kikristo ni chombo kilichoundwa mahali fulani na kwa mikono ya mafundi fulani. Hata hivyo, kila mjadala kuhusu asili ya binadamu unapozuka katika vyuo vya aina hiyo, swali linaloulizwa huwa moja tu: je, huyu ni muumini wa kweli? Ni nadra kwa anayeuliza kutaka kujua profesa huyo alisomea wapi, alitafiti nini, na ni kwa nini aliamua kufundisha chini ya paa la kanisa. Pengo hilo ndilo linalofanya migogoro ya kitaaluma igeuzwe kesi za imani.

Mfano ulio bayana unatoka Marekani, katika vyuo vya Kanisa la Mnazareti. Mwaka 2004, wanabiolojia wawili wa kanisa hilo walichapisha, kila mmoja kivyake, vitabu vyenye kusudi linalokaribiana: kuonyesha kwamba Mkristo anaweza kuyakubali mageuko ya viumbe bila kumkana Muumba. Wa kwanza ni Darrel Falk, aliyepata shahada ya uzamifu katika jenetiki kutoka Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse kabla ya kuhamia vyuo vya kanisa lake. Alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Point Loma Nazarene, San Diego, na baadaye akaongoza BioLogos, shirika lililoasisiwa mwaka 2007 na Francis Collins, mwanasayansi aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu.

Wa pili ni Richard Colling, mwanamikrobiolojia wa Chuo Kikuu cha Olivet Nazarene, jimbo la Illinois. Huyu alikuwa mwana wa nyumbani: alisoma Olivet, akaenda kutafuta uzamifu kwingine, kisha akarejea kuwahudumia waliomlea. Wasemao kwamba mcheza kwao hutunzwa wangetarajia atunzwe. Mambo yakawa kinyume. Mwaka 2007, baada ya malalamiko ya baadhi ya wachungaji na waumini, alizuiwa kufundisha kozi ya biolojia ya jumla, na kitabu chake kikapigwa marufuku madarasani. Mwaka 2009 aliondoka chuoni. Chama cha Maprofesa wa Vyuo Vikuu vya Marekani kilichunguza suala hilo na kuhitimisha kwamba uhuru wake wa kitaaluma ulikiukwa.

Kanisa ni lile lile, mwaka wa kuchapisha ni ule ule, hoja zinakaribiana, ila majaliwa yakatofautiana kama mbingu na ardhi. Tofauti hiyo haikutokana na imani ya wawili hao wala na elimu yao. Ilitokana na kiasi ambacho kila chuo kilikuwa tayari kumlinda mwalimu wake pale kelele za nje zilipopanda.

Hapa ndipo asili ya maprofesa hawa inapopaswa kuzingatiwa. Vyuo vingi vya Kikristo ni vidogo na havitoi uzamifu katika biolojia. Kwa hiyo, wanaofundisha humo hulazimika kwanza kupitia maabara za vyuo vya umma na vya utafiti, kisha warudi kanisani wakiwa na ndimi mbili: ya madhabahu na ya hadubini. Baadhi ya viongozi huiona hali hiyo kuwa najisi inayohitaji kutakaswa. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo tunu kubwa zaidi ambayo chuo cha kanisa kinaweza kumpa mwanafunzi. Gregor Mendel, aliyechapisha kanuni za urithi mwaka 1866, alikuwa mtawa wa Waagustino aliyetumwa na wakuu wake kusoma katika Chuo Kikuu cha Vienna. Laiti wangehofia yale ambayo angejifunza huko, huenda jina lake lisingejulikana.

Kuna watakaopinga kwa kusema kwamba kanisa lina haki ya kulinda mafundisho yake katika nyumba liliyoijenga kwa sadaka za waumini. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna mwadilifu atakayeibeza. Hata hivyo, haki hiyo ina wakati wake, nao ni siku ya kumwajiri mtu. Chuo cha Bryan, kilichofunguliwa mwaka 1930 huko Dayton, Tennessee, mji ambamo mwalimu John Scopes alishtakiwa mwaka 1925 kwa kufundisha mageuko, kilikuwa na tamko la imani ambalo wahadhiri walilitia sahihi kwa miaka mingi. Mwaka 2014, bodi ililiongezea ufafanuzi kuhusu kuumbwa kwa Adamu na Hawa. Baadhi ya wahadhiri waliondoka. Wawili walikwenda mahakamani. Kubadilisha masharti mtu akiwa katikati ya safari, na familia yake ikiwa inategemea mshahara huo, ni jambo lisilolingana na uadilifu ambao chuo cha Kikristo hujinasibu nao.

Suala hili si la Wamarekani pekee. Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, kilichotambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 2002, ni cha kanisa lile lile la Falk na Colling. Baraton ni cha Waadventista, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki ni cha kanisa ambalo Papa wake, Yohane Paulo II, alitamka mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya nadharia tete. Aidha, Kenya ndiyo nchi ya Mvulana wa Turkana, mabaki yaliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, na ambayo baadhi ya viongozi wa kidini walipinga kuonyeshwa kwake katika jumba la makumbusho jijini Nairobi.

Mwanafunzi wa Kiswahili naye asidhani kwamba haya hayamhusu, kwani sehemu ya mzozo imejificha katika lugha. Asemaye "hiyo ni nadharia tu" huchanganya nadharia, ambayo ni maelezo yaliyopimwa kwa ushahidi mwingi, na nadharia tete, ambayo ndiyo kwanza inasubiri kupimwa. Hali kadhalika, wapo wanaosema mageuzi na wapo wanaosema mageuko. La kwanza linatokana na geuza, kitenzi kinachodai mtendaji. La pili linatokana na geuka, kitenzi kisichomtaja. Kwa hiyo, swali linalowagawanya wanateolojia limo tayari katika viambishi, nao wanaisimu ndio wenye ujuzi wa kulifafanua.

Yapo mambo mawili ambayo vyuo vya Kikristo vya Afrika Mashariki vinaweza kuyafanya bila kugharimika. Kwanza, viandike waziwazi, kabla ya kumwajiri mwanabiolojia, kile ambacho anatarajiwa kukiamini na kile alicho huru kukifundisha. Na maandishi hayo yakishatiwa sahihi, yaheshimiwe na pande zote mbili. Pili, viwaruhusu maprofesa wawasimulie wanafunzi safari zao za kielimu na za kiimani. Kijana aliyekulia kanisani hudhani kwamba sharti achague kati ya Mungu na maabara. Akipata mwalimu aliyevipitia vyote viwili, atakuwa na mtu wa kumuuliza maswali yake. Mwalimu huyo akinyamazishwa, maswali hayatakufa. Kijana ataondoka nayo, na pengine hatarudi kanisani wala maabarani.