Wanafunzi, pigeni picha ya njia ya ugonjwa, si ya aibu ya mtu

Msomaji wangu, kama una mtoto sekondari au chuoni, huenda umewahi kumuona akiomba simu yako na kukuaga kwamba anakwenda kupiga picha za taka. Siku hizi ni kazi ya kawaida kwenye klabu za mazingira na madarasa ya sanaa. Wanafunzi wanatumwa mtaani, wanarudi na picha za majalala, mitaro iliyoziba na fukwe zilizojaa chupa, kisha zinabandikwa ukutani na mshindi anapewa zawadi.

Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini leo nataka tuseme ukweli kuhusu namna tunavyoifanya, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuikosea.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa majaji watatu wa maonyesho ya aina hiyo hapa Dar es Salaam. Picha tuliyoipa ushindi ilimwonyesha mtoto wa miaka kama sita hivi, amesimama ndani ya mtaro, maji meusi yanamfika magotini, mkononi ameshika chupa tupu na macho yake yanatazama kamera. Sote tulisema inagusa. Ikabandikwa mlangoni, watu wakaipiga kwa simu zao, jioni ikawa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Baada ya wiki mbili hivi mama wa yule mtoto alifika shuleni. Mwalimu akanipigia simu, nikaenda. Mama hakuja kwa kelele. Alisema mwanawe sasa anaitwa "Mtaro" kila anapopita, na kwamba si yeye wala mtoto aliyeulizwa kama picha ile ipigwe. Kisha akasema: "Walimu wangu, mbona hamkupiga picha ya mahali gari la taka linapotakiwa kusimama? Halijaja tangu mvua zianze, na hela ya taka tunatoa kila mwezi."

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumetoa zawadi kwa picha iliyomwonyesha mtu aliyeumia, ikamwacha nje ya fremu aliyesababisha aumie. Aliyeitazama angeondoka akiamini kwamba watu wa pale ni wachafu. Hakuna ambacho angejifunza kuhusu afya.

Ndiyo maana nasema: picha ya taka yenye faida kwa afya ni ile inayoonyesha ugonjwa unapita wapi hadi kumfikia binadamu. Taka hazimrukii mtu. Zina njia zake, na njia hizo zinaonekana kwa macho ukijua pa kutazama.

Chukua maji. Sote tunajua kinachotokea katika mitaa ya mabondeni mvua kubwa inaponyesha. Wapo wanaotapisha vyoo usiku ili kinyesi kichukuliwe na maji. Kama mtaro uko wazi, uchafu ule unakwenda kwa jirani wa chini. Kama mtaro umeziba kwa chupa, viroba na pempasi, maji yanarudi nyuma, yanaingia uani, yanafika kwenye kisima kifupi au kwenye mpira wa maji uliopasuka. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Mwanafunzi anayepiga rundo la chupa peke yake amepiga picha ya chupa. Anayesogea nyuma hatua kumi, akaonyesha choo, mtaro ulioziba na kisima katika picha moja, ametoa maelezo ambayo ofisa afya yeyote atayaelewa bila kusoma neno.

Chukua mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue, ambayo wengine tunaiita kidingapopo, mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wanaoieneza ni aina ya Aedes, wanaouma zaidi mchana, na hawahitaji bwawa. Kopo la rangi linawatosha, tairi bovu nje ya gereji linawatosha, hata kifuu kilichojaa maji ya mvua. Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha mvua ikiyalowesha yanaanguliwa, na ndani ya siku saba hadi kumi hivi mbu wapya wanaruka. Jalala kubwa lenye moshi linavutia kamera, lakini kwa dengue picha ya maana ni ya karibu kabisa: kopo moja nyuma ya nyumba, lenye viluwiluwi vinavyocheza ndani yake. Picha hiyo humfanya mtazamaji arudi kwake akakague uani.

Chukua panya. Mwaka 2022 mkoani Lindi watu waliugua, baadhi wakatoka damu puani, na wapo waliofariki. Ilibainika kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na kuingia mwilini kupitia maji au udongo uliochafuliwa, hasa mtu akiwa na mchubuko. Mabaki ya chakula yakilundikana sokoni, panya huzaliana. Kuna mwanafunzi aliyewahi kupiga picha ya tundu la panya kati ya lundo la mabaki na meza ya muuza mboga? Mimi sijaiona, na ningependa kuiona.

Na moshi. Gari la taka lisipokuja, watu wanachoma. Plastiki inayoungua kwenye moto mdogo wa uani hutoa chembe ndogo sana zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, na baadhi ya plastiki hutoa sumu zinazodumu muda mrefu. Wa kwanza kukohoa ni mtoto mwenye pumu na bibi aliyeketi barazani. Piga moshi, lakini onyesha unaelekea dirisha la nani.

Wapo watakaoniambia kwamba bila uso wa binadamu picha haimgusi mtu, na bila kugusa hakuna mabadiliko. Nawaelewa. Historia ina mfano mzito wa jambo hilo, na una pande mbili.

Huko Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga baharini maji yenye zebaki. Samaki na kombe wakaibeba, watu wakala, wakaanza kutetemeka, kupoteza uwezo wa kuona na kuongea, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini serikali ilitamka wazi kwamba chanzo ni kiwanda mwaka 1968. Mwaka 1971 mpigapicha Mmarekani W. Eugene Smith na mkewe Aileen walihamia pale wakaishi na wenyeji kwa takriban miaka mitatu. Walipiga bomba la maji machafu, wavuvi, samaki, mikutano na kampuni, kesi mahakamani na wagonjwa majumbani mwao. Njia yote ya sumu, kutoka kiwandani hadi mwilini, ilionekana.

Picha iliyojulikana zaidi ni ya mama akimuogesha binti yake mgonjwa. Wazazi waliridhia ipigwe, na ilisaidia dunia kuelewa. Hata hivyo, miaka mingi baada ya binti huyo kufariki, familia ilitaka apumzike, picha isiendelee kuonyeshwa. Mwaka 1998 Aileen Smith alikubali isichapishwe tena. Hapo kuna somo kwa kila anayeshika kamera. Ridhaa inaombwa kabla, na aliyeitoa ana haki ya kuchoka. Kama picha iliyosaidia dunia nzima inaweza kuondolewa kwa kuheshimu familia, picha ya mashindano ya shule haina sababu ya kung'ang'aniwa.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukitaka kumpiga mtu, zungumza naye kwanza. Mwamkie, jitambulishe, mweleze picha inakwenda wapi, mwonyeshe ulichopiga. Akikataa, shukuru uondoke. Mtoto mdogo mwombee ruhusa kwa mzazi au mlezi wake, na hata ukiruhusiwa unaweza kumpiga kwa nyuma au kupiga miguu yake tu. Na wale vijana na akina mama wanaookota chupa dampo, tafadhali msiwapige kama sehemu ya uchafu. Kila kilo ya plastiki wanayoibeba ni kilo ambayo haitaziba mtaro wako. Ukiwapiga, wapige wakiwa kazini, na maelezo ya picha yaseme wanafanya nini.

Jambo la pili ni ushahidi. Picha moja ya jalala inaweza kukanushwa kwa sentensi moja: "Siku hiyo gari liliharibika." Picha nane zilizopigwa mahali pale pale, saa ile ile, kila Jumamosi kwa wiki nane, hazikanushiki kirahisi. Andika tarehe, jina la mtaa na alama ya kudumu iliyo karibu, kama nguzo ya umeme au kona ya ukuta. Mnaokaa jirani na Mto Msimbazi mna darasa la wazi. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu, unapita kati ya makazi, viwanda na bustani za mboga, unafika Jangwani na kumwaga baharini kwenye mikoko ya Salenda. Kundi la wanafunzi likigawana sehemu za mto, likapiga kila mwezi, litaonyesha maji yanabadilika rangi wapi, mchanga unachimbwa wapi na kingo zinamegeka wapi.

Kisha picha ziende kwa mwenye uwezo wa kufanya jambo. Ukuta wa shule hauzoi taka. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, mwendelee kwa ofisa afya wa kata, halafu manispaa. Mkiambiwa kwamba mnauaibisha mtaa, jibuni kwa adabu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Nchi hii iliondoa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, na leo mama anakwenda sokoni na kikapu au mfuko wa kitambaa bila kushangaa. Mazoea hubadilika.

Sasa usalama wenu, maana hapa ndipo walimu wengi husahau. Dampo si mahali pa kandambili. Vaeni viatu vigumu vya kufunika au buti za mvua, na suruali ndefu. Nendeni wawili au zaidi, pamoja na mtu mzima. Msipande juu ya lundo, linaweza kuporomoka au kuwa na moto chini. Msishuke kwenye mtaro kwa ajili ya picha, na msiingie mtoni mvua inaponyesha. Msiguse bomba la sindano hata kulisogeza ili lionekane vizuri. Mkimaliza, oshani mikono kwa sabuni na maji tiririka kabla ya kula, na simu nayo ifutwe.

Ukichomwa na sindano, osha jeraha kwa sabuni na maji tiririka, usilikamue wala kulinyonya, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianza mapema, na hazipaswi kuchelewa kupita saa 72. Ukikatwa na bati au msumari, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa, na wewe mzazi usimgombeze.

Nirudi kwa yule mama. Picha ilishushwa siku ile ile, na mwanafunzi aliyeipiga, kijana mzuri asiyekuwa na nia mbaya, aliomba radhi kwa mtoto na kwa mama. Kisha mama mwenyewe akamwambia aje apige mtaro kutoka mlangoni kwake. Alikwenda kila Jumamosi kwa wiki sita. Picha zilionyesha kona ile ile, maji yakipanda kila wiki, na stakabadhi za malipo ya taka zikiwa zimeshikwa mkononi, bila uso wa mtu. Walizipeleka serikali ya mtaa wakiwa pamoja. Gari likaja mara mbili, kisha likapotea tena. Wakapiga picha za hilo nalo, wakarudi ofisini.

Sitakudanganya kwamba mtaro ule leo ni safi. Lakini wiki ya kwanza mama yule alikuja shuleni kulalamika, na wiki ya sita alikwenda ofisi ya mtaa kudai, akiwa na ushahidi mkononi. Mwanao akikuomba simu wiki hii aende kupiga picha za taka, mpe. Ila akirudi, mwombe akuonyeshe katika picha hiyo ugonjwa unatoka wapi, unapita wapi, na nani alipaswa kuuzuia.