Tuijue Manga Kabla ya Mombasa

Liko neno moja ambalo vijana wa nyanda za juu za Kisii na Nyamira wamezoea kulisema, na aghalabu hulisema bila ya kulipima: "Kwetu hapana kitu cha kutazama." Husemwa Sironga, husemwa Keroka, husemwa hata katikati ya mji wa Kisii. Wazazi huuza majani ya chai, ndizi, na pengine kuku wa mwisho, ili watoto wapande basi la shule wakaione Mombasa. Watoto hurudi na picha za Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na hapana ubaya katika hilo. Lakini mwulize mmoja wao jina la kilima akionacho kila asubuhi kutoka dirisha la bweni, au kisa cha mto auvukao kwenda sokoni, utamwona akiinamisha kichwa. Nasema kwamba elimu ya namna hiyo ni pungufu, na kwamba neno lile si la kweli.

Ili tusionekane kuwa twajisifu bure, na tutazame kwanza jinsi wengine wanavyoitendea milima yao. Katika Amerika ya Kusini uko mji uitwao Quito, mji mkuu wa Ekwado. Umejengwa milimani, kiasi cha meta 2,850 juu ya usawa wa bahari, nao uko karibu sana na mstari wa ikweta, kama Kisii ilivyo karibu na mstari huo. Ubavuni mwake umesimama mlima wa volkeno uitwao Pichincha. Tarehe 24 Mei, 1822, katika miteremko ya mlima huo, jeshi la wapigania uhuru chini ya Antonio José de Sucre liliwashinda Wahispania. Mwaka 1978 Quito uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pamoja na maeneo ya kwanza kabisa kupewa heshima hiyo. Wenyeji wa mji huo huupanda Pichincha kwa miguu, na tangu mwaka 2005 wako wapandao kwa vibanda vivutwavyo juu ya waya. Huko juu hukuta nini? Hukuta mawe, nyasi, upepo na kumbukumbu. Na hiyo kumbukumbu ndiyo iyapayo mawe thamani.

Je, sisi hatuna kumbukumbu? Simulizi za wazee zasema kwamba mwaguzi Sakawa alitabiri kuja kwa wageni na kujengwa kwa mji mahali palipoitwa Getembe, ndipo Kisii ilipo leo. Wageni wakaja kweli, na kuja kwao hakukuwa kwa amani. Mwezi wa Januari 1908 kijana Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na Moraa, mwanamke mwaguzi asiyeogopa bunduki, alimchoma mkuki mtawala Mwingereza, G. A. S. Northcote. Jeshi likatumwa kulipiza kisasi. Nyumba zikachomwa, mifugo ikatekwa, na watu wakauawa kwa wingi, hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu wa waziri wa makoloni huko London, akalalamikia mauaji hayo. Northcote mwenyewe alipona jeraha lake. Miaka mingi baadaye akafanywa gavana wa Guiana ya Kiingereza, katika Amerika ya Kusini hiyo hiyo tuliyoitaja.

Hayakuishia hapo. Mwezi wa Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka kusini, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kikauingia mji wa Kisii. Tarehe 12 Waingereza na askari wao Waafrika wakapambana nacho papo hapo, na Wajerumani wakarudi nyuma. Vita Kuu iliyoitikisa Ulaya ilipigwa pia katika vilima ambavyo leo vimefunikwa migomba na chai. Kijana wa Quito huonyeshwa mahali pa mapigano ya mlima wake; kijana wa Kisii hupita juu ya mahali pa mapigano ya kwao akienda kununua daftari, naye hajui.

Twende sasa Manga, iliyo katika kaunti ya Nyamira, kaunti ile ile ya Sironga. Ni ukingo mrefu wa mwamba, na kutoka juu yake macho hutiririka hadi nchi tambarare ya chini. Siku ya anga safi huonekana hata mng'ao wa Ziwa Victoria. Huko liko shimo liitwalo Ngoro ya Mwaga, ambalo wazee wana visa vyake vya kutisha. Ukishuka upande wa kusini, katika kaunti ya Kisii, utafika Tabaka, yanakochimbwa mawe laini ya rangi nyeupe, ya waridi na ya kijivu, ambayo mafundi huyachonga kwa panga na visu, kisha huyasugua kwa msasa na maji hata yang'ae. Vinyago hivyo vimo katika maduka ya Ulaya na Marekani. Mgeni wa mbali hulinunua jiwe la Tabaka kwa fedha nyingi, na mwanafunzi wa karibu hajapata kuliona shimo lilikotoka!

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema: "Mtembezi hula miguu yake." Methali hiyo ni ya kweli kwa mtu azururaye bila ya shabaha. Lakini yule apandaye kilima akiwa na daftari, akiuliza majina ya miti na ya mito, akiandika aliyoambiwa, huyo halishwi miguu, hulishwa akili.

Wa pili atasema kwamba kupanda milima kwa kutazama tu ni desturi ya Wazungu. Hilo ni kosa. Babu zetu waliijua nchi hii kwa nyayo zao. Walijua mahali pa maji wakati wa kiangazi, mahali pa kulinda mpaka, na mahali ambapo sauti ya pembe ingesikika mbali. Majina ya vilima hayakutungwa ofisini. Yalitungwa na watu waliovipanda.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi, nami namheshimu. Atasema: "Ardhi yetu ni haba, mashamba yamegawanywa vipande vipande, na mama anangoja mikono Jumamosi. Nani ana nafasi ya kutalii?" Ni kweli. Lakini mzazi huyo huyo hutoa fedha za basi la Mombasa, na mtoto huwa mbali na shamba kwa siku kadhaa. Matembezi ya Manga huchukua siku moja, na gharama yake ni viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya maji. Kwa hoja hiyo hiyo ya umaskini, Manga ingetangulia.

Tena uhaba huo wa ardhi ndio utulazimishao kufanya haraka. Katika mabonde ya Kisii na Nyamira vinamasi vimekaushwa, mafunjo yamekatwa, mikaratusi inywayo maji mengi imepandwa mahali pake, na udongo umechimbwa kuwa matofali. Sironga nayo ina kinamasi chake. Korongo wenye taji, ambao hutaga katika vinamasi vya namna hiyo, wamehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Nani atayatetea mabonde haya? Si yule ajuaye bonde kwa jina la ramani tu. Mtu hulipigania lile alilolikanyaga na kulipenda. Na wazee wajuao visa vya Moraa na Sakawa hupungua kila mwaka. Hakuna basi litakalotupeleka kuwasikiliza watakapokuwa wamelala kaburini.

Basi, enyi vijana, nendeni kwa mwalimu wenu mkamwombe Jumamosi moja katika kila muhula. Ondokeni mapema, kwani mvua ya nyanda hizi hupenda kunyesha alasiri. Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kupita, msivunje tawi wala kuacha takataka. Mchukueni mzee mmoja anayeijua njia, mmsalimie kwa heshima, mmwache aseme, nanyi mwandike. Mkiisha kuijua Manga, nendeni Mombasa kwa furaha. Na mtu wa huko akiwauliza kwenu kuna nini, mtakuwa na la kumjibu.